MAISHA YA BIBI ASMAA BINTI ABUBAKAR
Mwenye Mahazamu Mawili, na Khabari za Nyumba Yake

Kushukuriwa ni kwa Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo: katika mabaraza na misikiti, zikisomwa khabari za masahaba, hutajwa zaidi vita vyao na safari zao na miji waliyoifungua. Ni mara chache kutajwa jiko, na kiriba cha maji, na unga uliokandwa, na mtoto aliyenyonyeshwa usiku. Hali mashujaa wale walitoka katika nyumba, na katika nyumba hizo walikuwamo wanawake waliofanya kazi tangu alfajiri hata kulala. Mmoja wao ni Bibi Asmaa, Mwenyezi Mungu amridhie, ambaye maisha yake yamo katika vitabu vya hadithi na vya sira kwa mapokezi yaliyo mashuhuri.

NASABA YAKE

Bibi Asmaa ni binti wa Abubakar Siddiki, khalifa wa kwanza wa Waislamu, na mama yake ni Kutaila binti Abdul-Uzza. Alizaliwa Makka kiasi cha miaka 27 kabla ya Hijra, yaani karibu na mwaka 595 wa miladi. Yeye na Bibi Aisha ni ndugu kwa baba, na Asmaa ndiye mkubwa. Alisilimu mapema sana, Waislamu walipokuwa watu wa kuhisabika, kiasi cha 17 tu. Akaolewa na Zubeir bin Awwam, mwana wa Safiya shangazi lake Mtume (s.a.w.), naye ni mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo.

Baba yake alikuwa tajiri katika wafanya biashara wa Makka. Asmaa basi alikulia katika nyumba yenye nafasi, kisha akaolewa na mtu shujaa mwenye mkono mtupu. Kila mwenye kuyasoma maisha yake na alikumbuke jambo hilo, kwani ufukara ni mzito zaidi kwa aliyeonja wasaa.

MAHAZAMU NA MAWE

Katika mwaka 622, Mtume (s.a.w.) na Abubakar walipotoka Makka kwa siri wakajificha siku tatu katika pango la Thauri, Bibi Asmaa ndiye aliyewatengenezea chakula cha safari. Mimba yake ilikuwa imekwisha kuwa kubwa. Alipotaka kuufunga mfuko wa chakula na kiriba cha maji hakuona kamba. Hakuwa na kitu illa mahazamu yake ya kiunoni, akayapasua vipande viwili: kimoja akafungia chakula na kimoja akafungia kiriba. Kwa hiyo akaitwa Dhatun-Nitakaini, yaani mwenye mahazamu mawili. Jina hilo tukufu limetokana na mwanamke aliyetazama alichonacho, akakitumia, wala asingoje asichokuwa nacho.

Abu Jahli na wenziwe wakaja mlangoni kumwuliza baba yake yuko wapi. Asmaa akakataa kusema. Abu Jahli akampiga kofi usoni hata kipuli chake kikaanguka chini.

Abubakar alikuwa ameichukua mali yake yote iliyobaki, dirhamu elfu tano au sita, kwa ajili ya safari. Babu yake Asmaa, mzee Abu Kuhafa, alikuwa haoni, naye akaingiwa na hofu ya kwamba mwanawe amewaacha watoto bila ya kitu. Asmaa akaokota mawe, akayatia katika shubaka ambamo baba yake alikuwa akiweka fedha, akayafunika nguo, kisha akaushika mkono wa mzee akauweka juu yake. Mzee akapapasa, moyo wake ukatulia, akaona ya kuwa mwanawe ameacha cha kutosha. Nyumbani hamkuwa na hata dirhamu moja. Bibi huyu aliibeba dhiki ya nyumba peke yake ili mzee apate kulala.

MTOTO WA KWANZA

Baada ya muda naye akahajiri. Akafika Kuba, karibu na Madina, na hapo akajifungua mtoto wa kiume. Mtoto huyo ndiye wa kwanza kuzaliwa Madina katika Muhajirina. Akampeleka kwa Mtume (s.a.w.) akampakata, Mtume akatafuna tende, akamtia mtoto kinywani, akamwombea baraka, akamwita Abdallah. Kitu cha kwanza kilichoingia tumboni mwa mtoto yule kilikuwa mate ya Mtume pamoja na tende. Waislamu wakafurahi furaha kubwa.

Baada ya Abdallah, Mwenyezi Mungu alimruzuku Asmaa watoto wengine: Urwa, na Mundhir, na Asim, na Muhajir, na mabinti Khadija, na Ummul-Hasan, na Aisha. Watoto wanane, katika nyumba ya mtu aliyekuwa akitoka vitani mara kwa mara.

KAZI ZA NYUMBA YA ZUBEIR

Zubeir alipofika Madina hakuwa na mali, wala mtumwa, wala kitu chochote ila farasi wake na ngamia wa kuchotea maji. Kazi zote zikamwangukia Asmaa. Alimlisha farasi na kumwangalia, alikuwa akichota maji, akishona ndoo ya ngozi inapopasuka, akikanda unga. Katika kazi zote hizo hapakuwa na iliyomwelemea kama kumtunza farasi, kwa kuwa farasi wa vita hataki kusahauliwa hata siku moja.

Kuoka mkate hakukujua vema. Jirani zake, wanawake wa Kiansari, walikuwa wakimwokea, na Asmaa akiwasifu kwa ukweli wao na wema wao mpaka mwisho wa umri wake. Binti wa Siddiki hakuona haya kusema ya kuwa jambo fulani halijui, na jirani hawakumcheka. Yeye alikanda, wao wakaoka, na watoto wakala.

Baadaye Mtume (s.a.w.) alimpa Zubeir shamba katika mali ya Bani Nadhir. Shamba hilo lilikuwa mbali na nyumba yake kiasi cha thuluthi mbili za farsakhi, yapata maili mbili. Asmaa alikuwa akienda huko kwa miguu, akikusanya kokwa za tende, akizitia kichwani akarudi nazo, kisha akizitwanga kuwa chakula cha ngamia. Kokwa ambayo mtu huitupa baada ya kula tende, katika nyumba ile ilikuwa akiba. Ngamia akishiba kwa kokwa, maji yakipatikana. Na maji yakipatikana, shamba lilimea.

Siku moja alipokuwa akirudi na mzigo wake kichwani, akakutana na Mtume (s.a.w.) pamoja na watu katika Ansari. Mtume akamwita, akamkalisha ngamia wake chini ili ampakie nyuma yake. Asmaa akaona haya kwenda pamoja na wanaume, tena akaukumbuka wivu wa mumewe, kwani Zubeir alikuwa mwenye wivu mkubwa. Mtume akaifahamu haya yake, akaenda zake. Asmaa alipofika nyumbani akamweleza mumewe yaliyotokea. Zubeir akaapa kwamba kule kubeba kokwa kichwani ndiko kunakomwumiza yeye zaidi kuliko kupanda kwake pamoja na Mtume. Ndipo ilipodhihirika ya kuwa mume alikuwa akiyaona mashaka ya mkewe na yakimchoma moyo, ingawa uwezo wa kuyaondoa ulikuwa haujampata.

Zubeir alikuwa mkali, na Asmaa alikwenda kushitaki kwa baba yake. Abubakar akamhimiza asubiri, kwa kuwa mumewe ni mtu mwema. Lakini Abubakar hakuishia katika nasaha tu: baada ya muda alimpelekea mtumishi wa kumwangalia farasi, na Asmaa akaona kana kwamba baba yake amempa uhuru. Baba alimnasihi binti yake, kisha akamtua mzigo.

IKTISADI NA UKARIMU

Bibi Asmaa alijua kukitunza kidogo, lakini hakuwa bakhili. Alimwendea Mtume (s.a.w.) akamweleza ya kuwa hana mali ila ile anayomletea Zubeir, akauliza kama inafaa atoe sadaka katika hiyo. Mtume akamwamrisha atoe kwa kadiri awezavyo, wala asifunge mdomo wa mfuko wala asihisabu kwa choyo, asije naye akafungiwa riziki na kuhisabiwa na Mwenyezi Mungu. Maneno hayo akayashika maisha yake yote. Mwanawe Abdallah alieleza baadaye ya kuwa hakupata kuona wanawake wakarimu kama mama yake na Bibi Aisha, ila ukarimu wao ulikuwa mbali mbali: Aisha alikuwa akikusanya kitu juu ya kitu, kisha akigawanya, Asmaa hakuwa akiweka kitu kwa ajili ya kesho.

Hata hivyo hakuwa mpotezaji. Akipika mkate wa kuvunjwa katika mchuzi, alikuwa akiufunika mpaka mvuke wake utulie, kwa alivyosikia kwa Mtume kwamba kufanya hivyo kuna baraka zaidi. Nguo ikiingia damu ya hedhi haikutupwa: yeye ndiye aliyepokea mafundisho ya Mtume ya kuisugua na kuiosha kwa maji, kisha kusali nayo. Akiletewa mwanamke mwenye homa, alikuwa akimmiminia maji kifuani mwa nguo, kwa kuwa Mtume ameamrisha homa ipozwe kwa maji.

Na busara yake katika nyumba inaonekana katika kisa cha masikini mmoja aliyemwomba ruhusa ya kuuza bidhaa zake katika kivuli cha nyumba. Asmaa alijua akimruhusu yeye, Zubeir atakataa. Akamwambia masikini arudi aombe tena Zubeir akiwapo. Aliporudi, Asmaa akajifanya kuchukiwa, akamwuliza kama Madina nzima hakuona nyumba ila yake. Zubeir akageuka kumlaumu mkewe kwa kumzuia fakiri kufanya biashara! Basi mtu yule akakaa kivulini, akauza mpaka akapata mali. Baadaye Asmaa akamwuzia kijakazi chake; Zubeir akaingia akaziona fedha mapajani mwake, akazitaka. Asmaa akamjibu kuwa amekwisha kuzitoa sadaka.

Mama yake Kutaila alikuwa ameachwa na Abubakar tangu zama za ujahili, naye alikuwa hajasilimu. Wakati wa mkataba na Makureshi, baada ya mwaka 628, alikuja Madina kumtazama binti yake. Asmaa hakumkaribisha kwa pupa wala hakumfukuza; alimwuliza Mtume kwanza, na Mtume akamwamrisha amfanyie mama yake wema.

UZEE WAKE

Asmaa na Zubeir waliachana baadaye, na watoto wakabaki na heshima kwa wote wawili. Khalifa Omar alipowapangia watu atia, alimpa Asmaa dirhamu 1,000 kwa mwaka. Uzeeni macho yake yakapofuka. Wezi walipozidi Madina aliweka jambia chini ya mto wake, ajuza kipofu asiyemwogopa mwizi. Mwanawe Mundhir akamletea kutoka Iraki nguo nzuri nyembamba; akaipapasa kwa mkono, akaamrisha irudishwe. Akaambiwa kuwa haionyeshi mwili. Akajibu kuwa hata isipoonyesha hulieleza umbo. Mundhir akamnunulia nguo nyingine ya kawaida, hiyo akaipokea na kuivaa.

Urwa akawa mmoja wa mafakihi saba wa Madina, na mengi aliyoyapokea aliyapokea kwa mama yake na kwa Bibi Aisha. Abdallah akawa khalifa Makka kiasi cha miaka tisa, mpaka Hajjaji alipouzingira mji. Katika siku zake za mwisho Abdallah aliingia kwa mama yake kumtaka shauri, naye akampa moyo wa kusimama katika haki ikiwa anajua yumo katika haki. Akauawa mwaka 73 wa Hijra, yaani 692, na mwili wake ukatundikwa. Asmaa akasubiri mpaka ukateremshwa na kuzikwa, na baada ya siku chache naye akafariki, akiwa na umri wa karibu miaka 100. Inasemekana hakung'oka jino wala akili yake haikupunguka.

MAZINGATIO

Katika maisha haya mna mafunzo kwa kila mwenye nyumba.

Kwanza, iktisadi na ukarimu hukaa katika moyo mmoja. Mkono uliokusanya kokwa ndio uliotoa sadaka. Israfu ndiyo imzuiayo mtu kutoa, kwa sababu mwenye kupoteza hana cha kumpa masikini.

Pili, kazi ya mama katika nyumba ina thamani mbele ya Mwenyezi Mungu. Katika nyumba ile ya unga na kokwa alitoka khalifa na alitoka fakihi.

Tatu, na hili ni la wanaume. Imamu Nawawi, katika kuisherehesha hadithi ya kokwa, amebainisha ya kuwa kazi hizo zote alizozifanya Asmaa ni hisani yake na uungwana wake, wala hazikuwa wajibu juu yake. Na hayo ndiyo madhehebu ya Imamu Shafi. Basi mume ambaye mkewe humpikia, na kumfulia, na kumlelea watoto, na kukitunza kidogo anacholeta, yumo katika kupokea hisani kila siku ipitayo. Mwenye kufanyiwa hisani hana haki ya kukaripia chumvi ikizidi. Deni lake ni kushukuru, na kusaidia awezapo, na kumtua mkewe mzigo pindi Mwenyezi Mungu atakapomfungulia riziki, kama Abubakar alivyomtua binti yake.

Mwenyezi Mungu amridhie Bibi Asmaa, na mumewe Zubeir, na baba yake Siddiki. Na awape Waislamu nyumba zenye baraka, na wake wema, na waume wenye kujua fadhila. Amin.