Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu: Tabasamu Lililositiri Giza

Tunapoitazama sanamu ya Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, amekumbatia msalaba na maua ya waridi, ni rahisi kudhani kwamba maisha yake yalikuwa mepesi. Haikuwa hivyo. Alibeba rohoni uchungu ambao watawa wenzake wengi hawakuujua alipokuwa hai. Maisha yake yanamhusu kila mmoja wetu anayecheka mbele ya watu na kulia akiwa peke yake.

Alizaliwa Alençon, nchini Ufaransa, tarehe 2 Januari 1873, kitinda mimba kati ya watoto tisa wa Louis Martin na Zélie Guérin. Wanne kati yao walifariki wangali wadogo. Tarehe 28 Agosti 1877 mama naye alifariki kwa saratani ya matiti, Teresa akiwa na miaka minne na nusu tu. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akawa mwoga na mwepesi wa kulia. Alimchagua dada yake Pauline kuwa mama wa pili, lakini mwaka 1882 Pauline aliingia monasteri ya Wakarmeli huko Lisieux, na jeraha la kwanza likafunguka upya. Miezi michache baadaye Teresa aliugua ugonjwa wa kutetemeka na kuona vitisho, hata ndugu zake wakahofia uhai wake. Alipona siku ya Pentekoste, 13 Mei 1883, alipoona Bikira Maria akimtabasamia kupitia sanamu iliyokuwa chumbani.

Mapambano hayakuishia hapo. Alipokuwa na miaka 12 aliingiwa na wasiwasi wa dhamiri, akaona dhambi katika kila wazo dogo. Hali hiyo ilimtesa zaidi ya mwaka mmoja. Usiku wa Noeli 1886 alipata neema ya kuyashinda machozi yake, na tangu hapo akaanza kujisahau ili awapende wengine.

Aliingia Karmeli tarehe 9 Aprili 1888, akiwa na miaka 15. Kabla ya mwaka kwisha, akili ya baba yake mpendwa ilidhoofika. Februari 1889 mzee Louis alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Caen, akakaa huko miaka mitatu. Wakati ule ugonjwa huo ulihesabiwa kuwa aibu, na wapo waliosema kwamba mabinti zake ndio waliomvunja moyo kwa kuingia utawani. Teresa aliyasikia hayo, akanyamaza. Leo Kanisa linamheshimu baba huyo pamoja na mkewe, kwani walitangazwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015. Akili iliyougua haikumwondolea utakatifu.

Jaribu kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 1896. Usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu alitema damu, dalili ya kifua kikuu. Siku chache baadaye, katika kipindi cha Pasaka, giza liliifunika imani yake. Wazo la mbingu, lililokuwa faraja yake, likageuka kuwa vita. Moyoni alihisi kana kwamba ng'ambo ya kifo hakuna kitu. Hata hivyo aliendelea kutunga mashairi ya furaha ya imani, nao walioyasoma walidhani anaogelea katika faraja. Aliandika Kanuni ya Imani kwa damu yake mwenyewe, akaivaa karibu na moyo. Maumivu ya mwisho yalipozidi, alikiri kwamba bila imani angeweza kujiua, akaonya dawa za sumu zisiachwe karibu na wagonjwa wenye mateso makali. Aliyesema hayo ni mtakatifu.

Tabasamu lake halikuwa unafiki. Lilikuwa tendo la upendo, asiwatwike wengine mzigo wake. Lakini hakumficha kila mtu. Mwaka 1891 alimfungulia moyo Padre Alexis Prou, aliyeongoza mafungo yao, naye akamtia moyo kuifuata njia ya matumaini. Mwaka 1897 alimwandikia Mama Mkuu wake habari za giza lile. Alichagua watu wachache waaminifu, akawaambia ukweli.

Nasi tujifunze hivyo. Huzuni isiyoondoka si dhambi, wala si ushahidi kwamba Mungu ametuacha. Baba wa Teresa alihitaji sala na pia hospitali. Vivyo hivyo mgonjwa wa moyo uliopondeka aende kwa padre, na aende kwa daktari. Sisi mapadre tusimwambie mtu aongeze rozari tu, kisha tumfungie mlango. Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tumwulize mwenzetu hali yake, tena tungoje jibu. Na wewe unayefikiria kuyakatisha maisha yako, usibaki peke yako leo. Mwambie mtu mmoja unayemwamini.

Teresa alifariki tarehe 30 Septemba 1897, akiwa na miaka 24, giza likiwa bado halijaondoka. Papa Pio XI alimtangaza mtakatifu mwaka 1925, na mwaka 1997 Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwalimu wa Kanisa. Aliyeamini gizani anatufundisha kuamini.

Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, utuombee.