Judith Ayaa, mkimbiaji

Kitenzi kukimbia kimezaa nomino mbili ambazo kila mwanafunzi wa mofolojia anazifahamu: mkimbiaji na mkimbizi. Kwetu Masisi na Walikale, hiyo ya pili inasikika kila siku, na ya kwanza tunaisikia redioni wakati wa michezo. Katika ukurasa huu nataka kuandika juu ya mwanamke aliyestahili ile ya kwanza: Judith Ayaa wa Uganda.

Alizaliwa mwaka wa 1952 katika jamii ya Waacholi, kaskazini mwa Uganda. Jina lake linaanza na A-, kama majina mengi ya kike ya Kiacholi, pale ambapo ya kiume huanza na O-: Akello na Okello, Apio na Opio. Alikulia wakati ambapo wakubwa wa riadha duniani walikuwa bado wanabishana kama mwili wa mwanamke unaweza kustahimili mbio zaidi ya zile fupi kabisa. Mita 800 za wanawake zilikimbiwa Amsterdam mwaka wa 1928, zikafutwa katika Olimpiki hadi mwaka wa 1960. Mita 400 ziliingia Tokyo mwaka wa 1964. Yaani mbio alizozichagua Ayaa zilikuwa changa kuliko yeye mwenyewe.

Baada ya kung'ara katika mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, alikwenda Edinburgh mwaka wa 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, akiwa na miaka 18. Katika fainali ya mita 400, Marilyn Neufville wa Jamaika alivunja rekodi ya dunia kwa sekunde 51.02. Sandra Brown wa Australia alikuwa wa pili kwa 53.66, na Ayaa wa tatu kwa 53.77. Sehemu 11 za mia za sekunde ndizo zilizomtenga na medali ya fedha. Hata hivyo shaba ile ilimweka miongoni mwa wanawake wa kwanza wa Uganda kupanda jukwaa la washindi katika michezo mikubwa ya kimataifa.

Mwaka wa 1972 alikimbia tena mita 400, safari hii katika Olimpiki ya Munich. Hakufika fainali. Katika michezo hiyohiyo Mganda mwenzake, John Akii-Bua, alitwaa dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82, na tangu hapo ukitaja riadha ya Uganda ya miaka ile, jina linalokuja kwanza ni lake. Nyumbani Idi Amin alikuwa amekwisha kutwaa madaraka tangu Januari 1971, na nchi iliingia katika miaka migumu.

Ayaa aliacha mbio, akaolewa, akazaa. Katika miaka ya 1990 alikuwa Kampala akiponda mawe ili watoto wake wapate kula. Kazi hiyo sihitaji kuelezewa. Katika machimbo ya kwetu akina mama wanaponda mawe tangu asubuhi, na hakuna anayewauliza walikuwa nani kabla ya kushika nyundo. Ayaa alifariki mwaka wa 2002, kabla ya uzee.

Wenzangu wa isimu, fungueni kitabu chochote cha sarufi mlicho nacho. Katika mifano, Juma anakimbia na Asha anapika. Mifano hiyo tunairithi, tunainakili katika tasnifu zetu, kisha tunaifundisha. Kiambishi -ji, tunafundishwa, humtaja mtu anayefanya jambo kwa mazoea au kwa ustadi. Basi kuanzia sasa, ninapohitaji sentensi ya kukionyesha, nitaandika kwamba Judith Ayaa alikuwa mkimbiaji. Ni sentensi sahihi kisarufi, na ni ya kweli.