Mark Twain na vita vyake na ‘der, die, das’

Fikiria umeketi darasani siku ya kwanza ya kujifunza Kijerumani. Mwalimu anakuambia kwamba kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, nacho kisu si cha kiume wala cha kike. Unacheka, ukidhani ni mzaha. Kumbe mwalimu hatanii, na mtihani unakusubiri.

Vijana wengi nchini Kenya sasa wanasoma lugha hii wakitafuta nafasi za masomo, uuguzi na ajira Ujerumani. Kama wewe ni mmoja wao na umeanza kufa moyo, tulia. Kuna mtu mashuhuri aliyehangaika hivyo hivyo akiwa na umri wa miaka 42: mwandishi Mmarekani Mark Twain.

Jina lake halisi lilikuwa Samuel Langhorne Clemens. Alizaliwa Novemba 30, 1835, katika kijiji cha Florida, jimbo la Missouri, akalelewa Hannibal, mji ulio kando ya Mto Mississippi. Babake alifariki 1847, Samuel akiwa na miaka 11 tu. Haukupita muda mrefu kabla ya kijana huyo kuacha shule na kuingia kazi ya kupanga herufi kwa wachapishaji wa magazeti.

Mnamo 1857 alianza kufunzwa urubani wa meli za mvuke, akapata leseni 1859. Si kazi ya mchezo hiyo. Rubani alilazimika kuujua mto kwa kichwa, kila kona na kila fungu la mchanga, mchana na usiku, na mto wenyewe haukuacha kubadilika. Hata jina Mark Twain, alilolitumia kuanzia 1863, ni la mtoni. Mabaharia walilitamka kutangaza kwamba maji yana kina cha pima mbili, yaani meli inaweza kupita salama.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani 1861, kazi ya mtoni ilisimama. Akaenda magharibi, akajaribu kuchimba madini bila bahati, kisha akageukia uanahabari. Alimwoa Olivia Langdon 1870, na kufikia 1876, alipotoa kitabu cha Tom Sawyer, jina lake lilikuwa limevuma.

Miaka miwili baadaye alifunga safari na mkewe na mabinti wao wawili hadi Ujerumani. Wakapiga kambi mjini Heidelberg, naye akajitosa kusoma Kijerumani.

Hapo sasa ndipo mtu aliyeukariri mto mzima alipobanwa na vijineno vitatu. Katika Kijerumani kila nomino ina jinsia, na jinsia ndiyo huamua kama nomino itatanguliwa na der, die au das. Twain alishangaa kuona kwamba tanipu, mboga ya kawaida tu, imepewa jinsia ya kike ilhali msichana hana jinsia. Aliyamwaga malalamishi yake katika makala marefu mwishoni mwa kitabu A Tramp Abroad, kilichotoka 1880. Alitania kwamba mwenye kipaji anaweza kujua Kiingereza kwa saa 30 na Kifaransa kwa siku 30, lakini Kijerumani kitamchukua miaka 30. Akaandika hata orodha ya marekebisho, mojawapo likiwa kupanga upya jinsia za nomino.

Je, alikuwa na haki? Kiasi tu. Neno Mädchen, yaani msichana, linaishia kwa -chen, mwisho unaoonyesha udogo. Nomino zote zenye mwisho huo wa udogo huchukua das. Zenye mwisho wa -heit au -keit huchukua die. Mipangilio ipo, ila haitoshi kwa maneno yote. Kwa yaliyobaki, Twain mwenyewe alifikia ushauri ambao walimu bado wanautoa: kariri nomino pamoja na jinsia yake.

Tena wewe una silaha ambayo Twain hakuwa nayo: ngeli. Unasema kitabu changu kimepotea, kisha kalamu yangu imepotea, bila kuuliza kwa nini. Ngeli zetu zinapita kumi, Kijerumani kina jinsia tatu tu. Angalia tofauti moja lakini. Sisi husema kijana amefika, si kimefika, ingawa neno linaanza kwa ki-, kwa sababu kwetu uhai hushinda umbo. Kwa Mädchen, umbo ndilo limeshinda.

Licha ya malalamishi yake, Twain hakuitupa lugha hiyo. Mnamo 1888 alichapisha mchezo wa kuigiza uliochanganya Kiingereza na Kijerumani. Mwaka wa 1891, akiwa Berlin, aliwatafsiria mabinti zake kitabu maarufu cha watoto, Struwwelpeter.

Kisha mikosi ikamwandama. Kampuni yake ya uchapishaji ilifilisika 1894, akalazimika kuzunguka dunia akitoa mihadhara ili kulipa madeni. Agosti 1896 bintiye Susy akafariki akiwa na miaka 24. Mwaka uliofuata familia ilihamia Vienna, na Oktoba hiyo Twain akasimama mbele ya wanahabari akatoa hotuba kwa Kijerumani. Mada? Vitisho vya lugha ya Kijerumani!

Olivia alifariki Italia mnamo Juni 1904. Ukienda kwenye kaburi lake mjini Elmira, jimbo la New York, utaona maandishi ya Kiingereza aliyoyaweka mumewe, na mwisho wake dua fupi kwa Kijerumani, ambapo anamwita raha yake. Neno hilo la raha ni la kike, na kivumishi cha kumiliki kinacholitangulia kimechukua mwisho wa kike, sawasawa kabisa.

Twain aliaga dunia Aprili 21, 1910, akazikwa papo hapo Elmira.

Basi ukibanwa na der, die, das, lalamika na ucheke kama yeye, lakini kesho rudi darasani. Na unapoandika nomino mpya daftarini, usiiandike peke yake.