Georg Simon Ohm, Mpimaji wa Umeme

Ukisimama ufukoni mwa Ziwa Victoria, upande wa Murangi katika Mkoa wa Mara, usiku usio na mbalamwezi, utaona taa za wavuvi wa dagaa. Zamani walitumia karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri. Balbu isiyofaa betri yake huungua, na mvuvi hubaki gizani. Je, unaweza kujua mapema kama balbu inafaa? Ndiyo, kwa hesabu. Aliyetuonyesha njia ni Georg Simon Ohm.

Ohm alizaliwa tarehe 16 Machi 1789 katika mji wa Erlangen, Ujerumani. Baba yake alikuwa fundi wa makufuli. Fundi huyo alijielimisha mwenyewe, kisha akawafundisha wanawe hesabu nyumbani. Kuanzia mwaka 1817 Ohm alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia katika mji wa Köln.

Huko alianza kupima mkondo wa umeme. Betri za siku zile hazikutulia. Nguvu yake ilipanda na kushuka, na vipimo vikaharibika. Ohm hakukata tamaa. Aliunganisha metali mbili, shaba na bismathi. Kiungo kimoja alikiweka kwenye maji yanayochemka, na cha pili kwenye barafu. Tofauti hiyo ya joto ilimpa umeme uliotulia. Kisha alipima waya mmoja baada ya mwingine. Aliona kwamba waya ukiwa mrefu zaidi, mkondo hupungua. Tabia hiyo ya waya kuzuia mkondo huitwa ukinzani.

Mwaka 1827 Ohm alichapisha kitabu juu ya kanuni yake. Alitumaini kupata kazi ya chuo kikuu, lakini wataalamu wengi wa nchi yake hawakukithamini kitabu hicho. Aliacha kazi yake huko Köln, akaishi miaka kadhaa bila cheo cha maana. Hata hivyo, vipimo vyake vilikuwa vya kweli. Mwaka 1841 chama cha wanasayansi cha London, Royal Society, kilimtunuku nishani ya Copley. Mwaka 1852 alipewa uprofesa wa fizikia mjini München. Alifariki miaka miwili baadaye, tarehe 6 Julai 1854. Mwaka 1881 mkutano wa mataifa uliofanyika Paris uliamua kwamba kipimo cha ukinzani kiitwe omu, kwa jina lake.

Sasa tumia kanuni yake. Balbu imeungwa kwenye betri ya volti 12, na mkondo unaopita ni ampea 2. Ili kupata ukinzani, gawanya volti kwa ampea:

12 ÷ 2 = omu 6

Uwezo ni kiasi cha nishati kinachotumiwa na balbu kila sekunde. Ili kuupata, zidisha volti kwa ampea:

12 × 2 = wati 24

Balbu hiyo ikiungwa kwenye volti 24, mkondo utazidi, nayo yaweza kuungua. Sasa unajua kwa nini mvuvi husoma volti kabla ya kununua balbu.

Angalia: Fanya majaribio kwa betri za tochi tu. Usiguse kamwe umeme wa nyumbani.

Maswali
1. Kwa nini Ohm hakutumia betri za wakati wake?
2. Tochi ina volti 3. Mkondo wake ni ampea 0.5. Tafuta ukinzani na uwezo wa balbu yake.