Isabella Beeton: mhariri wa mapishi aliyefariki akiwa na miaka 28

Katika nyumba nyingi za Bukavu, binti anajifunza kupika sombe akiwa kando ya mama yake. Hakuna mizani wala saa: chumvi inapimwa kwa mkono, moto unaangaliwa kwa macho. Mama akifariki, vipimo vyake vinaondoka naye. Katika karne ya 19, mwanamke mmoja wa Uingereza alipata jina kubwa kwa kuviweka vipimo vya namna hiyo kwenye karatasi. Ni Isabella Beeton, mhariri wa gazeti la akina mama.

Alizaliwa London tarehe 14 mwezi wa tatu 1836. Baba yake alifariki mapema, mama akaolewa tena, na jamaa ikafikia watoto 21. Isabella, binti mkubwa, alisaidia kulea wadogo zake. Alisoma pia Heidelberg, Ujerumani, ambako alijifunza lugha, piano na kutengeneza keki.

Mwaka 1856 aliolewa na Samuel Beeton, mchapishaji wa gazeti la The Englishwoman's Domestic Magazine. Mwaka uliofuata alianza kuliandikia mapishi. Mwaka huohuo mtoto wake wa kwanza alifariki, lakini hakuiacha kazi.

Isabella hakuwa mpishi mashuhuri. Aliomba wasomaji wamtumie mapishi yao, na mengine aliyatoa katika vitabu vya watu, mara nyingi bila kuwataja. Kwa hilo analaumiwa hadi leo. Kazi yake ilikuwa kupanga: alitanguliza orodha ya vitu vinavyohitajika, akaeleza muda wa kupika, bei, msimu na idadi ya watu watakaoshiba. Msichana aliyeolewa mbali na mama yake aliweza kusoma na kupika.

Katika baridi ya mwaka 1858 alipika supu nyumbani kwake na kuwagawia maskini. Hata supu hiyo aliiingiza katika kitabu chake, Book of Household Management. Kilitoka 1861, chenye kurasa zaidi ya 1,000, na nakala 60,000 ziliuzwa katika mwaka wa kwanza.

Mwanzoni mwa 1865 alijifungua mtoto wa nne. Siku chache baadaye, tarehe 6 mwezi wa pili, homa ya uzazi ilimuua. Tangu 1847, daktari Semmelweis wa Vienna alikuwa ameonyesha kwamba waganga wakinawa mikono vizuri, homa hiyo inapungua. Wengi hawakumsikiliza.

Kitabu kiliendelea kuchapishwa kwa jina la Isabella, na wasomaji wengi walidhani ni bibi mzee aliye hai.

Hapa Bukavu tunajua uzito wa kifo cha namna hiyo. Hospitali ya Panzi ilianzishwa 1999, nia ya kwanza ikiwa kuokoa akina mama wanaojifungua. Mama anayepona anarudi jikoni kwake, na binti yake anaendelea kujifunza. Na yale anayoyajua mama huyo, inafaa mtu wa nyumbani ayaandike angali hai.