Thomas Hicks: Bingwa aliyekimbia na sumu mwilini

VIJANA wa Handeni na Korogwe wanaoota medali za mbio ndefu hawana budi kumjua Thomas Hicks.

Mmarekani huyo, mzaliwa wa Uingereza, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini St. Louis Agosti 30, 1904, katika joto na vumbi. Alipoishiwa nguvu, wasaidizi wake walimpa mara mbili striknini, sumu ya panya ambayo kwa kipimo kidogo huchangamsha misuli, pamoja na ute wa yai na brandi.

Fred Lorz, aliyetangulia kufika, aliondolewa kwa kuwa alipanda gari. Hicks, aliyemaliza akishikiliwa na kuhitaji madaktari, akatawazwa bingwa. Dozi nyingine ingeweza kumuua.

Hakuvunja sheria, riadha ilipiga marufuku vichangamshi mwaka 1928. Alifariki dunia mwaka 1952, medali ikiwa bado yake.