Clarence DeMar: Bingwa aliyeambiwa moyo wake ni mgonjwa

KABLA ya Mkenya Ibrahim Hussein kuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa ubingwa wa Boston Marathon mnamo 1988, jina lililovuma zaidi katika mbio hizo lilikuwa la Mmarekani mpiga chapa, Clarence DeMar. Alizishinda mara saba, rekodi ambayo hakuna mkimbiaji mwingine ameifikia. Hata hivyo, nusura asishinde hata mara moja.

DeMar alizaliwa jimboni Ohio mwaka wa 1888. Babaye alifariki angali mtoto, naye akalelewa katika lindi la umaskini. Mnamo 1910 alimaliza wa pili mjini Boston. Mwaka uliofuata, madaktari waliowapima wanariadha walisikia sauti isiyo ya kawaida moyoni mwake, wakamshauri ajiondoe akihisi uchovu na asishiriki tena mbio ndefu. Alikimbia, akaibuka mshindi na kuvunja rekodi.

Lakini onyo lile lilimkaa rohoni. Baada ya Olimpiki za Stockholm za 1912, alijitenga na marathoni kwa miaka kadhaa, hofu ya moyo wake ikiwa mojawapo ya sababu. Huo ulikuwa wakati ambao mkimbiaji huwa katika kilele cha nguvu zake.

Aliporejea, alishinda mnamo 1922, 1923, 1924, 1927, 1928 na 1930, na kutuzwa nishani ya shaba katika Olimpiki za Paris za 1924. Ushindi wake wa mwisho aliupata akiwa na umri wa miaka 41.

Siri yake inaeleweka vyema leo. Misuli huhitaji oksijeni, nayo husafirishwa na damu. Kwa hivyo uwezo wa kustahimili mbio ndefu hutegemea pakubwa kiasi cha damu kinachosukumwa na moyo kila dakika. Mazoezi ya miaka mingi huupanua moyo na kuuimarisha, ukasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Sauti ya moyo pekee haiwezi kufichua uwezo huo. Zipo sauti zinazoashiria maradhi, na zipo zisizo na madhara. Vipimo kamili ndivyo huzitofautisha.

DeMar alifariki mnamo 1958 kutokana na saratani, akiwa na umri wa miaka 70. Daktari mashuhuri wa moyo, Paul Dudley White, alishiriki katika uchunguzi wa moyo wake, na matokeo yakachapishwa mnamo 1961. Mishipa iliyoulisha moyo huo damu ilikuwa na upana wa mara mbili hadi tatu kuliko kawaida, hivi kwamba hata mafuta kiasi yaliyoganda ndani yake hayakuiziba.

Moyo wa mtu mmoja hauwezi kuthibitisha kila jambo kuhusu mazoezi. Lakini moyo uliodhaniwa ungemwangusha njiani ulimbeba kwa takriban nusu karne ya mbio.